KUNGOJA JIBU LA CHUO KIKUU: ADABU ZA KUMWANDIKIA MWALIMU NA KAZI ZA WAKATI WA SUBIRA

Kila sifa njema inamstahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, kila mwaka ikiingia Februari hupita hapa madrasa vijana wetu wa zamani, waliokwisha kupata shahada ya kwanza, wakiwa na swali moja: "Maalim, niliomba nafasi ya kusoma zaidi ng'ambo, na mpaka leo sijajibiwa. Nifanyeje?" Wengine huja na wazee wao. Tumeona vyema mwaka huu tuliandikie jambo hili, maana wadogo wanaosoma jarida hili leo ndio watakaouliza swali hilo kesho.

Tuanze na kisa kilichotufundisha sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita, binti mmoja aliyehitimu hapa, kisha akasomea viumbe vya baharini chuo kikuu, aliomba nafasi ya shahada ya uzamili Uingereza. Alitaka kuchunguza ugonjwa wa mwani, kwa kuwa mama yake ni mkulima wa mwani na aliuona ukifa kamba kwa kamba. Mwezi wa Machi jibu likaja: amekubaliwa. Nyumbani ikasomwa dua, ukapikwa wali, na mtaa mzima ukajua. Wiki ya pili ndipo mtu mmoja alipoisoma barua ile mpaka mwisho. Ilisema amekubaliwa, na ikataja ada anayotakiwa kulipa. Neno la ufadhili halikuwamo.

Baba yake akatufuata baada ya sala ya alasiri. Aliuliza kama auze shamba la minazi. Shamba lilikuwa la urithi, na nyuma ya binti yule walikuwapo wadogo zake wanne wanaosoma. Tutarudi kwenye jawabu tulilompa. Kwanza tueleze jinsi mambo haya yanavyokwenda, maana laiti tungeyajua mapema, mzee yule asingefikishwa kwenye swali lile.

KUMTAFUTA MWALIMU SI JAMBO GENI KWETU

Vijana wengi hudhani kwamba kumwandikia profesa wa mbali ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Katika Suratul Kahf tunasoma habari za Nabii Musa (A.S.) aliyesafiri mpaka akachoka ili akutane na mja mwema ambaye wanachuoni humtaja kuwa ni Khidhri. Alipomkuta hakusema "nifundishe." Alimwomba kwa njia ya kuuliza kama angeweza kumfuata apate kujifunza. Naye mwalimu hakumficha: alimwambia kwamba safari hiyo inataka subira, na akamwekea sharti.

Imesimuliwa pia kuwa Imam Shafii, alipotaka kusoma kwa Imam Malik kule Madina, aliihifadhi kwanza Muwatta, kitabu cha Imam Malik mwenyewe, ndipo akafunga safari. Alichukua pia barua ya liwali wa Makka ya kumpendekeza. Lakini inasimuliwa kuwa barua ile haikumfurahisha Imam Malik. Kilichomfungulia kijana yule mlango ni kwamba alikuwa amekwisha kuisoma kazi ya mwalimu.

Ndugu mwanafunzi, ukiyashika hayo mawili, yaani kuuliza kwa adabu na kuisoma kazi ya mwalimu kabla ya kumfuata, umekwisha kuijua nusu ya somo letu.

NANI HASA ANAYEAMUA?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kila nchi na kila fani ina utaratibu mmoja.

Kwa shahada ya uzamili ya kusoma darasani, kama zilivyo nyingi za Uingereza za mwaka mmoja, mara nyingi huna haja ya kumtafuta msimamizi kabla ya kuomba. Maombi husomwa na idara, na msimamizi hupangwa baadaye.

Kwa shahada ya uzamivu ya Uingereza mambo ni mengine. Huko mwanafunzi huanza utafiti mapema, kwa miaka mitatu au minne, na kwa kawaida hutakiwa aonyeshe pendekezo la utafiti wake. Pasipo mwalimu anayelijua jambo lile na aliye tayari kukusimamia, maombi huwa hayana pa kushika. Kwa hiyo kumwandikia mapema ni jambo la lazima au karibu na lazima.

Marekani uzamivu huchukua miaka mitano au zaidi, na wengi huingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Katika idara nyingi uamuzi ni wa kamati ya walimu wala si wa mtu mmoja. Ziko idara za sayansi ambazo mwanafunzi huingia bila msimamizi, akapitia maabara kadhaa katika mwaka wa kwanza, kisha akachagua. Ziko nyingine ambazo mwalimu asipokutaka katika maabara yake, hupati nafasi, kwa sababu posho yako itatoka katika fedha zake za utafiti. Tovuti ya idara huwa inaeleza. Isome kabla hujaandika barua hata moja.

BARUA KWA MWALIMU

Wakati mzuri wa kuandika ni kati ya Agosti na Oktoba, kabla ya madirisha kufungwa. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamivu mwezi wa Desemba au mwanzoni mwa Januari. Anayeandika barua yake ya kwanza Februari huwa amechelewa.

Sasa adabu zenyewe.

Kwanza, salamu iwe fupi. Kwetu barua njema huanza kwa kujuliana hali, ya mwenyewe, ya watoto na ya jamaa wote, na hiyo ni adabu. Lakini mwalimu huyu hakujui, na barua za namna hii humfikia nyingi. Adabu kwake ni kumhifadhia wakati wake. Mwite kwa cheo chake, Profesa au Daktari, na jina lake la ukoo lililoandikwa sawasawa.

Pili, usimwombe akupokee na usimlilie ada. Muulize jambo analoweza kulijibu kwa mstari mmoja.

Tatu, mwonyeshe kwamba umesoma kazi yake. Kuisifu tu hakutoshi. Taja makala moja na useme imekuamshia swali gani.

Nne, barua isizidi nusu ukurasa, na uambatishe wasifu wako wa ukurasa mmoja au miwili.

Tutoe mfano. Barua yenyewe utaiandika kwa lugha ya chuo hicho. Hapa tunaiweka kwa Kiswahili ili mwone umbo lake:

"Mheshimiwa Profesa, mimi ni mhitimu wa shahada ya kwanza ya sayansi ya bahari kutoka Tanzania. Nataka kuchunguza kwa nini mwani wa aina ya cottonii hufa katika maji ya kina kifupi yanapopata joto, jambo lililowafanya wakulima wengi wa Zanzibar kupanda spinosum, ambao bei yake ni ndogo. Nimesoma makala yako juu ya magonjwa ya mwani, na nimejiuliza kama njia uliyotumia inafaa mahali ambapo maji hukupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Je, mwakani unatarajia kupokea mwanafunzi mpya? Nimeambatisha wasifu wangu. Ahsante kwa wakati wako."

Basi. Mistari michache, na ndani yake mna mtu, mna swali na mna sababu ya kumwandikia yeye hasa.

Linganisheni na kijana wetu mwingine aliyeandika barua moja na kuipeleka kwa walimu zaidi ya thelathini usiku mmoja. Aliandika kwamba yuko tayari kusoma chochote. Barua kadhaa zilikwenda zikiwa na jina la mwalimu mwingine juu. Hakujibiwa hata na mmoja, akaja kwetu akisema wale watu wana ubaguzi. Tulimwomba atuonyeshe barua. Alipoanza kutusomea mwenyewe kwa sauti, alinyamaza katikati.

Usipojibiwa, subiri wiki mbili kisha uandike tena mara moja kwa upole. Ukinyamaziwa mara ya pili, mwache, umwandikie mwingine. Kimya si tusi. Huenda yuko kwenye likizo ya utafiti, huenda hana fedha za mwanafunzi mwaka ule, na huenda barua haikumfikia. Na akikujibu kwamba unakaribishwa kuomba, fahamu kwamba huo ni ukaribisho tu. Hajakupa nafasi.

KWA NINI JIBU HUCHELEWA

Ukishapeleka maombi, faili lako halisomwi siku ileile. Kwanza ofisi hukagua kama vyeti vyote vimo na kama barua za walimu waliokupendekeza zimefika. Kisha walimu wa idara hugawana mafaili, wakasoma, wakakutana na kupunguza orodha. Wengine huita waombaji kwa mahojiano ya video. Mwisho huja hesabu ya fedha: wangapi wanaweza kulipiwa.

Kwa Marekani, majibu mengi ya uzamivu hutoka Februari na Machi. Iko tarehe moja ya kuijua, nayo ni tarehe 15 Aprili. Vyuo vingi vya huko vimetia saini makubaliano ya Baraza la Vyuo vya Uzamili kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi pamoja na ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo aliyepata vyuo vitatu anaweza kuvishikilia vyote mpaka Aprili. Akiviachia viwili, nafasi mbili zinafunguka, na hapo ndipo walio katika orodha ya akiba huitwa. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa kimya kingi, kisha akaitwa katika siku mbili za mwisho.

Ufadhili nao una kalenda yake. Chevening, kwa mfano, unaotolewa na serikali ya Uingereza kwa uzamili wa mwaka mmoja, hufunga maombi Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Mwombaji huchagua kozi tatu, mahojiano hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, na majibu hutoka katikati ya mwaka. Anayepata hutakiwa arudi kwao kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu pia kwa miaka mingi imesomesha vijana wa nchi wanachama na wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama. Anayeanza kutafuta ufadhili baada ya kupata barua ya chuo mara nyingi hukuta madirisha hayo yamefungwa zamani. Hili ndilo lililompata binti yetu.

KAZI ZA WAKATI WA KUNGOJA

Kusubiri si kukaa barazani na kufungua simu kila baada ya dakika kumi. Iko hadithi ya yule bwana aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kamba na amtegemee Mungu, naye Mtume (S.A.W.) akamwelekeza amfunge kwanza kisha ategemee. Kamba za kufunga ni hizi:

1. Hakikisha barua za walimu wako zimefika. Faili lisilo na barua moja linaweza kuwekwa kando, na wewe huku unahesabu siku. Mkumbushe mwalimu wako kwa heshima, na ulimwombe barua mwezi mzima kabla, si siku mbili.

2. Angalia akaunti ya maombi mara moja au mbili kwa wiki, pamoja na sehemu ya barua taka katika barua pepe yako. Jibu la kukuita kwenye mahojiano linaweza kulala humo.

3. Sawazisha majina. Sisi Waislamu wa pwani tuna mtihani huu: cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha kidato cha nne kinasema Hamisi, na pasipoti inasema Khamisi. Kwetu ni mtu mmoja, kwa afisa wa viza huenda wakawa watatu. Muone wakili mapema kuhusu hati ya kiapo au ya kubadili jina.

4. Kama unatakiwa mtihani wa Kiingereza kama IELTS, kumbuka kwamba matokeo yake hutumika kwa miaka miwili tu. Panga vizuri yasije yakaisha muda mkononi mwako.

5. Endelea na kazi yako au na kujitolea mahali. Ukiitwa kwenye mahojiano utaulizwa unafanya nini sasa.

Na je, umwandikie tena mwalimu wakati huu? Mara moja, umjulishe kwamba umekwisha kuomba. Ukipata jambo jipya la maana, kama matokeo ya mwisho au makala iliyochapishwa, lipeleke ofisi ya udahili. Lakini usimuulize mwalimu kila wiki kama umepita. Mara nyingi hajui, na akijua huenda haruhusiwi kusema.

JIBU LIKIJA, LISOMWE MPAKA MWISHO

Majibu ni ya namna tano. Liko la kukubaliwa pamoja na ufadhili. Hapo pia soma ni ufadhili wa nini: ada tu, au ada na chakula na malazi, na kwa miaka mingapi. Liko la kukubaliwa kwa masharti, mfano mpaka ulete matokeo ya mwisho. Liko la orodha ya akiba, ambalo si ndiyo wala si hapana. Hilo jibu kwa barua fupi kwamba bado unaitaka nafasi. Liko la kukataliwa. Na liko la kukubaliwa bila fedha, ambalo kwa sura linafanana na la kwanza, na ndilo linaloziangusha familia.

Kukataliwa kusichukuliwe kuwa hukumu ya akili yako. Huenda mwalimu wa fani yako amehama, huenda fedha zilitosha watu wawili na wewe ni wa tatu. Unaweza kuuliza sababu kwa adabu, ingawa vyuo vingi havielezi. Kisha rekebisha na uombe tena mwaka unaofuata. Wako wengi walioingia kwa mara ya pili.

NENO KWA WAZAZI

Wazee wetu, tunajua mnangoja pamoja na vijana, na pengine mnalala usingizi kidogo kuliko wao. Tunawaomba mambo matatu. Msimuulize kijana kila asubuhi kama amejibiwa. Akijibiwa atawaambia. Msitangaze mtaani kabla barua haijasomwa yote. Na msimpe fedha wakala anayeahidi kuwapatia nafasi kwa hakika. Uamuzi wa chuo hauko mikononi mwake. Ada ya kuomba, pale inapotakiwa, hulipwa chuoni kwenyewe, na baadhi ya vyuo humsamehe asiye na uwezo akiomba mapema. Mikopo nayo iangaliwe kwa makini isije ikawa na riba. Waulizeni wanachuoni kabla ya kutia saini.

Sasa turudi kwa mzee wetu wa shamba la minazi. Tulimwuliza maswali mawili. Je, bei ya shamba itatosha ada na maisha ya mwaka mzima? Alipiga hesabu, ikafika kama nusu. Je, nusu ya pili itatoka wapi, na hao wanne watasomeshwa na nini? Hakujibu. Tukamwambia asiuze. Binti akakiandikia chuo kuomba kuahirisha mwaka mmoja, wakakubali. Akaomba ufadhili kwa wakati wake, na mwaka ule hakupata. Alilia, na sisi tuliona uzito wa ushauri tulioutoa.

Lakini katika kungoja alikuwa amemwandikia profesa mmoja barua kama ile ya mfano wetu. Profesa yule alimjibu kwamba hana nafasi, ila pendekezo lake lina jambo ndani yake, na akamtajia mtafiti wa hapa hapa Tanzania anayefanya kazi hiyo hiyo ya mwani. Leo binti yule anamalizia uzamili wake kwa mtafiti huyo, utafiti wake anaufanya katika maji anamolima mama yake, na anajiandaa kuomba uzamivu. Shamba lipo. Wadogo zake wanasoma.

Mwisho, tuseme kuhusu istikhara, maana vijana hutuuliza sana. Wengine huswali, kisha hungoja ndoto, na wasipoota hudhani hawakujibiwa. Ndoto si sharti. Istikhara ni kumwomba Allah (S.W.) alifanye jepesi jambo lililo na kheri nawe, na akuepushe na lisilo na kheri. Baada ya hapo fanya bidii yako, na kinachotokea kipokee kwa kuridhika. Hata jibu la hapana linaweza kuwa ndilo ulilokuwa ukiliomba.

Tunamwomba Allah (S.W.) awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, awape walimu wema, na awape wazazi wetu subira na afya. Amin.

Wabillahi tawfiq.